Waithera na Sahani Zilizolala

Siku hizi watu wa maabara yetu wakimtaja Waithera hupunguza sauti, kana kwamba ametenda jambo la aibu. Mimi sipunguzi. Naitwa Apiyo, mwosha vyombo wa maabara ile iliyo kando ya barabara ya Kakamega, na nimefanya kazi naye miaka kumi na mmoja. Kama kuna mtu wa kuona aibu pale, si yeye. Wa kwanza kwenye foleni ni mimi, na nitaeleza kwa nini.

Waithera ana miaka hamsini na saba. Ni mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na akitembea utadhani amechelewa mahali hata kama anaenda msalani. Mama yake, Gakenia, alikuja Kisumu kutoka Murang'a akiwa msichana, akauza mitumba soko la Kibuye mpaka magoti yakamkatalia. Mama huyo alikuwa na utaratibu wake. Kila nguo ya rangi kali aliiloweka kwenye beseni, na hakumwambia mteja "hii haichuji rangi" mpaka ameyaona maji yake kesho yake asubuhi. Wenzake waliuza siku ileile robota lilipofunguliwa, wakamcheka. Waithera ndiye aliyetumwa kukagua mabeseni kabla ya kwenda shule.

Mwaka wa 2008, vurugu za uchaguzi zilipochacha, kibanda chao kilichomwa na wakaambiwa warudi kwao. Wiki ya tatu Waithera alikuwa palepale, anapigilia misumari kwenye mbao mpya. Jirani mmoja akamuuliza kama haogopi. Akajibu kwamba anaogopa sana, lakini kwao ni hapa, sasa aogopee wapi kwingine? Nyundo haikusimama. Hadithi hiyo niliipata kwa shangazi yangu, ambaye ndiye aliyemshikia mbao.

Kazi iliyotuletea matata ilikuja mwaka jana. Vifaranga wa Bwana Gurjit walikuwa wakifa. Gurjit ni Singasinga wa Kisumu hii hii, babu yake alizaliwa hapa, na ana kituo cha kutotolesha vifaranga njia ya kwenda Kombewa. Akina mama wa Seme nzima hununua kwake. Dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa kwa sababu bakteria wa homa ya matumbo ya kuku walishazizoea. Ndipo Daktari Ignatius, mkurugenzi wetu, akapata wazo, na wazo lenyewe halikuwa baya. Kuna virusi visivyomgusa mtu wala kuku, kazi yake ni kuua bakteria tu. Ukikipata kile kinachoua bakteria wa kuku, ukakitia kwenye maji ya vifaranga, umetibu. Tulikipata chetu kwenye mtaro nyuma ya soko, tukakipa jina Namba Tisa.

Kilichobaki ni cheti. Fomu ilihitaji sahihi mbili, ya Daktari na ya msomaji wa sahani. Msomaji wa sahani alikuwa Waithera.

Sahani zenyewe ni visahani vya plastiki vyenye agari, chakula cha bakteria kilichoganda. Ukiwamwaga bakteria humo wanaota na kufunika uso wote kwa utando mweupe. Ukiwachanganya na virusi, kila mahali kirusi kilipoua panabaki tundu, duara dogo lisilo na utando. Sahani ya Namba Tisa ukiimwaga saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri ilikuwa imejaa matundu safi kabisa. Ungeweza kusoma gazeti kupitia kwenye tundu.

Halafu saa kumi kamili nafika mimi na toroli langu. Nazikusanya zote, naziingiza kwenye otoklevu, lile jiko la mvuke linaloua kila kitu, kisha naandika kwenye daftari langu "zimechomwa" na kutia sahihi. Sheria yetu ilikuwa moja: sahani hailali. Ilianza zamani, stima ilipopotea kutoka Ijumaa hadi Jumatatu, sahani zikaoza, mende wakajitembelea juu yake, na majirani wakatuletea afisa wa afya. Tangu hapo vipimo vyote vya kulala vilipelekwa kwa wenzetu Nairobi, na sisi tukabaki na vya siku moja. Niliipenda sheria hiyo, nikajiona ndiye mtu msafi kuliko wote Kisumu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona sahani ya Namba Tisa asubuhi ya pili.

Siku ya fomu Waithera alichukua kalamu, akasoma kila mstari, kisha akairudisha kalamu mezani.

"Sahani moja ilale kwanza," alisema.

Daktari Ignatius ana sauti ya kubembeleza ambayo huitumia akiwa na haraka. "Mama Muchiri, hiyo ni clear. Hata mtoto anaona. Wewe sign tu, Bwana Gurjit anangoja."

"Naona ni safi saa tisa. Kesho asubuhi sijaiona."

"Kwa hivyo miezi nne tumekuwa tukifanya nini hapa?"

"Tumekuwa tukienda nyumbani mapema, Daktari."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Daktari alitikisa mkono kumwambia afanye anavyotaka, na sahani moja ikabaki kwenye kabati la joto. Asubuhi Waithera aliniita niione. Katikati ya kila tundu palikuwa na kidoa cheupe, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Yale matundu safi ya jana yote yalikuwa hivyo, hakuna hata moja lililosalimika.

"Hao ni nani?" nilimuuliza.

"Ni bakteria, Apiyo. Wamekaa katikati ya virusi, na wanaota."

"Si virusi ndiyo inawaua?"

"Ingine inaua tu, haijui kitu ingine. Hiyo ndiyo tunataka. Lakini kuna ile inaingia na kukaa. Njoo nikuonyeshe."

Aliondoa glavu, akanawa, akanitoa nje hadi kwenye kamba ya nguo ambapo sketi yangu ilikuwa inakauka. Ni sketi niliyoongezewa kipande ubavuni baada ya kumzaa mtoto wa tatu. Alinieleza mambo yale kwa kuishika sketi yangu, na ndiyo maana mimi, niliyeishia darasa la nane, nayajua mpaka leo. Kirusi humdunga bakteria na kumtia DNA yake, ule uzi wenye maagizo yote ya kiumbe. Uzi huo ukiwa ndani hujifunga pete. Sasa, kwenye pete hiyo pana kipande kifupi chenye mpangilio uleule ulioko mahali fulani kwenye DNA ya bakteria. Kirusi kina kimeng'enya chake, fundi anayeijua ile sehemu moja tu. Fundi huyo huzilaza DNA mbili pamoja pale zinapofanana, anakata hii, anakata ile, kisha anaunga ncha kwa kupishana: ncha ya kirusi na ya bakteria, ya bakteria na ya kirusi. Pete inafunguka, na kirusi kinakuwa sehemu ya DNA ya mwenyeji, kikiwa na mshono kila upande.

"Kama hapa," alisema akigusa ubavu wa sketi. "Alikata kwenye mshono, akatia kitambaa. Ukivaa, mtu hawezi jua."

"Na bakteria hafi?"

"Hafi. Akizaa, anazaa na kirusi ndani. Watoto wote wanakuwa nayo. Imelala. Na ikilala hivyo inafunga mlango, virusi ingine ya aina yake ikiingia haiwezi kufanya kitu. Koro, sasa, fikiria hiyo kwa maji ya vifaranga."

Nilifikiria. Wiki ya kwanza vifaranga wanapona, Gurjit anashangilia, Daktari anapigwa picha. Baada ya mwezi wamebaki bakteria wasiosikia Namba Tisa hata ukiwamwagia ndoo. Na si hilo tu. Kirusi kilicholala kinaweza kuamka, na kikitoka vibaya hutoka na kipande cha DNA ya mwenyeji, kikampelekea bakteria mwingine. Kipande hicho kinaweza kuwa cha kustahimili dawa. Kuna virusi vya namna hiyo ambavyo hubeba sumu yenyewe, na bakteria mpole akishonewa kipande hicho anakuwa muuaji. Waithera hakusema Namba Tisa ina sumu. Alisema hajui, na kwamba hawezi kutia sahihi kwenye kitu asichokijua, kisha kikanywewe na kuku wa watu.

Daktari aliiangalia sahani kwa dakika moja hivi. "Uchafu umeingia," akasema. "Ndiyo maana hatulazi sahani."

Aliondoka. Mchana akanipitia kwenye beseni langu la vyombo. "Apiyo, ile sahani kwa kabati la joto, choma. Sheria ni sheria."

Nikaichoma. Ndiyo aibu niliyosema ni yangu. Nilijua ni sahani gani na nilijua maana yake, maana nilikuwa nimeelezwa kwa sketi yangu mwenyewe. Nikaandika "imechomwa", nikatia sahihi, nikaenda nyumbani kupika.

Kesho yake Waithera alifungua kabati, akafunga, akaja kusimama nyuma yangu. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Utachoma mara ngapi?" aliuliza.

Niliendelea kusugua chupa ileile.

"Nataka tu kujua nimwage ngapi. Ukichoma moja namwaga kumi, ukichoma kumi namwaga mia. Agari iko. Mkono niko nayo."

Akaenda akamwaga ishirini, na siku hizo toroli langu nikalipitisha kando ya kabati lake, maana Daktari hakuniuliza. Safari hii hakungoja mtu amwambie ni uchafu. Vidoa vyeupe vilipoota tena, alichukua bakteria wa kimoja, akawachora kwenye sahani mpya mara tatu mfululizo mpaka virusi vyote vya nje vikawa vimeachwa njiani. Akabaki na bakteria safi. Akawamwagia Namba Tisa, hawakutikisika. Kisha akawatia kwenye maji ya chakula, akawaweka sekunde chache chini ya ile taa ya zambarau tunayoulia vijidudu kwenye kabati. Pembeni akaweka chupa ya bakteria wa kawaida wasiowahi kukutana na Namba Tisa, nao wakapigwa taa muda uleule.

"Taa inaharibu DNA ya bakteria," aliniambia akifunika chupa kwa karatasi ya fedha. "Bakteria akiumia hivyo, ile kitu inashikilia kirusi kikiwa kimelala inavunjika. Kirusi kinaona nyumba inaanguka. Kinajikata, kinatoka, kinazaliana, kinapasua ukuta."

Baada ya saa mbili na zaidi kidogo alifunua. Chupa ya bakteria wa kawaida ilikuwa na ukungu uleule. Ya wale wa kidoa ilikuwa angavu kama maji ya bomba. Walikuwa wamepasuka wote. Tulichukua tone la maji hayo, tukachuja, tukalitia kwenye sahani mpya, na kufikia alasiri matundu yakaonekana. Ilikuwa Namba Tisa, imetoka ndani ya wale walioitwa uchafu. Nilipiga kigelegele pale maabara, mtu wa mapokezi akaja mbio kuuliza nani ameolewa.

Bado Waithera hakutosheka. Alitaka mshono. Aliweka kwenye mashine ya kunakili DNA vianzio viwili, kimoja cha kushika DNA ya bakteria na kingine cha kushika ya kirusi. Viwili hivyo hunakili kitu pale tu ambapo DNA mbili zimeungana kuwa uzi mmoja. Alipoyatandaza matokeo kwenye jeli chini ya taa, kwa bakteria wa kawaida hapakutokea kitu. Kwa wale wa kidoa kulitokea mstari mmoja mnene, unang'aa. Alipiga picha kwa simu, akaichapisha, akaibandika ukutani juu ya meza yake palipokuwa pamebandikwa kalenda ya kanisa.

Daktari aliiona Alhamisi asubuhi. Aliingia na Waithera ofisini na mlango haukufungwa vizuri, au labda hakujali nani anasikia.

"Mama Muchiri, contract yako inaisha tarehe thelathini. Unajua hiyo."

"Najua."

"Muchiri yuko mwaka wa mwisho chuo. Sitaki kukuumiza. Kesho Bwana Gurjit anakuja kuchukua cheti. Unasaini, na wewe na mimi tunaendelea vizuri."

"Muchiri ni mtoto wangu, Daktari. Usimtumie kama kalamu."

"Unaniharibia jina."

"Jina yako ni yako. Mimi nachunga yangu. Nikiandika 'nimesoma', iwe nimesoma."

Waithera alitoka, akaenda moja kwa moja mezani kwake. Alikuwa anaogopa, kama alivyoogopa ile 2008, na kama siku ile hakuondoka. Alivaa glavu na kuanza kupanga sahani za kuwaonyesha watu Ijumaa, zile ishirini zilizokuwa zimelala.

Saa kumi kasoro dakika tano Daktari alikuja kwangu. Hakubembeleza. "Apiyo, kabati la joto lote. Zote. Halafu niletee daftari nione sahihi."

Nilisukuma toroli. Nilifungua kabati. Sahani zilikuwa zimepangwa vizuri, kila moja na tarehe yake kwa mwandiko wa Waithera. Nilisimama pale na mlango wazi mpaka mashine ikaanza kupiga kelele kwamba joto linatoka. Contract yangu nayo ni ya mwaka mmoja mmoja, na mimi nina watoto watatu. Nataka ieleweke kwamba nilifikiria hayo yote, sikuwa shujaa. Lakini kulikuwa na kitu ambacho mwanamke yule alikuwa amekitia ndani yangu kwa miaka kumi na mmoja, kidogo kidogo, kikalala humo nisijue. Na Daktari, kwa amri ile, alikuwa amenipiga taa.

Nilifunga kabati. Nikachukua daftari langu, nikaandika kwenye mstari wa siku ile: "Hazijachomwa. Apiyo." Nikampelekea.

Alisoma. Akanitazama. "Wewe pia?"

"Ee, Daktari. Mimi pia."

Funguo za otoklevu ni mimi ninazo, na zilikuwa kwenye sidiria yangu. Angeweza kuzitupa sahani kwenye pipa la taka bakteria wakiwa hai, lakini hilo ni kosa ambalo hata yeye asingethubutu kulifanya.

Ijumaa Bwana Gurjit alikuja na kilemba cha buluu, akiwa na pakiti ya jalebi kwa ajili ya sherehe. Daktari alimwonyesha sahani ya saa tisa. Waithera alimwonyesha ya asubuhi ya pili. Aliziweka mezani kandokando, akazileta chupa mbili, akaweka ile picha ya mshono, akaeleza mambo yote kwa muda mfupi kuliko nilivyotumia mimi hapa. Gurjit alisikiliza akiwa amekunja mikono. Alikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani.

"Mama, mimi nauliza kitu moja," alisema mwishowe. "Hii kitu nyeupe hapa katikati. Iko hai?"

"Iko hai."

"Na ndani yake iko hiyo dawa yangu?"

"Iko. Imeshonwa ndani. Imelala."

Akamgeukia Daktari. "Ignatius, wewe ulisoma hii sahani saa ngapi?"

Daktari alianza kueleza habari za uchafu, na stima, na mende wa miaka ile. Gurjit aliinua mkono.

"Nimeuliza saa."

"Saa tisa."

"Mimi nimeambia akina mama wa Seme dawa inakuja. Nitawaambia haijakuja. Watanitukana, onge wach, si neno." Aliichukua fomu isiyo na sahihi ya msomaji, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake. "Hii nakaa nayo, isije ikapata sahihi kwa njia." Jalebi aliziacha mezani. Tulizila mimi na Waithera, na zilikuwa tamu.

Tarehe thelathini kandarasi ya Waithera haikuongezwa. Sababu iliyoandikwa ni upungufu wa kazi. Watu waliniambia asingekuwa mkaidi angekuwa bado na kiti chake. Nikawauliza kiti kingekuwa kimekaa juu ya nini. Alibeba miwani yake ya akiba, kikombe chake na ile picha ya mshono, akanishika mkono mlangoni, akasema tu, "Apiyo, usafi uendelee, lakini macho yatangulie." Muchiri amehitimu. Waithera yuko Kibuye kwenye kibanda cha mama yake, na anaandika barua kwa ofisi yoyote inayoweza kusoma. Mbili zimemjibu. Nyingine anaziandikia tena.

Jumatatu ya kwanza bila yeye, msomaji mpya alimwaga sahani za kirusi kingine, Namba Kumi na Nne. Alasiri zilikuwa na matundu safi, yanapendeza. Nilioshaosha vyombo vyangu, nikaning'iniza taulo. Daktari alitoa kichwa ofisini, akatazama saa ya ukutani, akatazama toroli langu lililokuwa tupu.

"Apiyo. Saa kumi."

"Naona, Daktari," nilimwambia. "Zinalala."